Mlango wa Tembe la Bibi Marsela

Siku tatu Lusia alikuwa akichimba, na alichopata ni mawe, mizizi na fuko mmoja mwenye hasira.

Alikuwa akiutafuta mlango. Bibi yake, Marsela, alizaliwa ndani ya mteremko huohuo aliokuwa akiuchimba, pale Buger, katika tembe la zamani lililochimbwa ubavuni mwa kilima na kufunikwa udongo, nyasi zikaota juu mpaka paa likawa kilima. Wamasai walipokuja kusaka ng'ombe walipita juu ya watu wasiwaone. Lusia aliisikia hadithi hiyo tangu hajaanza shule, na hadi leo, mwaka wa 1982, haijamtosha. Moshi ulitokea wapi? Ng'ombe waliingiaje? Bibi alihama akingali mtoto; ya ndani aliyakumbuka, ila mteremko ulikuwa umebadilika asijue tena mlango ulikuwa wapi.

Sasa katibu kata ametangaza Siku ya Mila, kila kijiji kionyeshe kitu cha wazee wake. Wengine wataleta mikuki na vibuyu. Lusia alitaka kuonyesha nyumba. Kikwazo kilikuwa baba yake mdogo, Inosenti, mwenye shamba.

"Kama sijauona huo mlango kwa macho yangu mpaka Jumamosi, Jumatatu nalima," alisema. "Siwezi kulaza shamba kwa ajili ya shimo."

Plau ikipita tu, paa lililobaki litaporomoka, na alipozaliwa Bibi pataota maharage.

Ijumaa asubuhi akapita Mzee Senteu, mfugaji wa Kimasai kutoka Kakesio, akitoka mnadani Karatu. Yeye na Bibi walijuana miaka mingi, huyu akileta mbuzi, yule akitoa mahindi. Akamkuta Lusia yumo shimoni hadi kiunoni, upande wa barabara.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unamzika nani?"

"Natafuta mlango wa tembe la Bibi."

Senteu akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Barabarani? Kwani hiyo barabara ilikuwepo?"

Lusia akaona aibu. Nyumba zote alizozijua zilitazama barabara, naye akachimba bila hata kujiuliza.

"Mwache mjukuu wangu, mwizi wa ng'ombe wewe," alisema Bibi, aliyeketi kando ya shimo, ungo wa mahindi mapajani. "Baba yako alipita juu ya kichwa changu, mama amenibana mdomo, wala hakutuona!"

"Aliwaona. Aliona na ng'ombe wenu walivyokonda, akawahurumia."

"Walikonda! Mbona mlirudi mara tatu?"

Wazee wakacheka. Lusia hakucheka. Alitoka shimoni, akajifuta mikono kwenye kanga.

"Mzee, baba yako akifika hapa alikuwa anatazama nini hasa?"

Senteu akamwangalia kidogo, kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa hilo. "Samadi," akasema. "Nyumba huwezi kuiona. Lakini ng'ombe wanalala ndani na watu, sivyo? Basi kila asubuhi mama lazima aitoe samadi, na ule ni mzigo, hendi nayo mbali. Hapo inapomwagwa majani hubadilika. Mboga zinaota bila kupandwa."

Macho ya Lusia yakaangukia kikapu cha Bibi, kimejaa mnavu aliouchuma yeye Lusia asubuhi ile. Tangu utotoni alitumwa, "Kachume mnavu kule chini," na kule chini ni palepale, kwenye kikunjo cha mteremko, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupanda kitu. Miaka yote hiyo hakuuliza kwa nini pale.

Akashuka bila kuaga.

Alichimba hatua chache juu ya mnavu. Kufika saa sita jembe likagonga kisiki cha nguzo, cheusi kwa moshi. Kisha kingine. Katikati yake ardhi ilikuwa ngumu, imekanyagwa ikakanyagika.

Bibi alishuka ameshika bega la Senteu. Akaketi kati ya visiki, akapapasa chini, halafu akanyoosha mkono wa kushoto pasipo kutazama. "Chimba hapa. Jiwe la kusagia la mama."

Lilikuwepo, limelika katikati kama kijiko.

Jioni Inosenti akaja na vigingi vya kupimia shamba begani. Alichuchumaa, akapima nafasi ya mlango kwa shubiri, akapima tena.

"Pembamba hivi," akasema. "Ng'ombe walipitaje?"

"Mmoja mmoja," Bibi alijibu.

"Si nilisema walikonda?" akadakia Senteu.

Inosenti alipanda hadi kwenye paa la nyasi, akalizunguka polepole kwa hatua, na nyuma yake, mbali na tembe, akaanza kupigilia vigingi: plau ingeanzia hapo.