Kukalia Mikono

Mashine ya cheche haina haraka na mtu. Rhobi alilijua hilo tangu alipoingia kujifunza katika karakana ya fundi Stanislausi, pale Mwisenge. Mafundi wengine walikuwa na nyundo na mawe ya kusagia; pembeni lilikaa dude moja lenye beseni la mafuta, linakula chuma kwa umeme. Kipande cha shaba kinashushwa hadi kinakaribia chuma bila kukigusa, cheche zinaruka kati yao ndani ya mafuta, na kila cheche inang'oa chembe. Chembe tu. Chuma ambacho msumeno unateleza juu yake cheche zitakimaliza, ila kwa muda wao.

Kuchonga shaba alikuelewa upesi. Kilichomshinda ni mikono. Palikuwa na swichi ya kuzungusha ya kuongezea moto, na mikono ilimwasha. Siku moja akaizungusha, kazi ikaenda mbio, akajiona fundi; chuma kikapasuka kutoka tundu hadi ukingoni. Stanislausi hakufoka. Alikitundika kile kipande ukutani, akamwambia kuanzia hapo, mashine ikiwaka, aikalie mikono yake. Rhobi akawa anakaa hivyo kila siku, viganja chini ya mapaja, huku wenzake wakimcheka.

Asubuhi aliyokuja Gody, Stanislausi alikuwa Bunda kutengeneza kinu cha pamba. Gody alikuwa mbia wa Chrispin, kaka yake Rhobi. Walichimba pamoja duara moja, shimo la dhahabu, huko Butiama. Aliingia amekumbatia shafti ya pampu, matope hadi kwenye nyusi.

"Dada, maji yamepasukia duarani. Chrispin yuko chini na wenzake watatu."

Bolti ilikuwa imekatikia ndani ya shafti. Walipojaribu kuitoboa, biti ya keekee, ngumu kuliko bolti yenyewe, nayo ikavunjikia humo humo, na bila shafti pampu haizunguki. Pampu ndogo waliyoazima ilikuwa inayachelewesha maji tu. Wale wanne walikuwa wamepanda kwenye kibaraza cha mwamba, na walio juu walijua kuna uhai kwa kuwa mtu alikuwa akigonga bomba la hewa.

Rhobi alimpigia simu Stanislausi, akamweleza.

"Shafti hiyo ni chuma kile kile cha ukutani," Stanislausi alisema. "Usiguse moto, binti yangu. Ikipasuka, hatupati nyingine leo."

Rhobi akaifunga shafti kwenye mashine, akashusha shaba, akawasha. Kisha akakaa, akakalia mikono.

Gody alizunguka karakana kama mtu aliyepoteza funguo. "Ndo mnafanyaga hivi? Mnakaaga tu?"

"Ndo kazi yenyewe."

"Si kuna swichi hapo? Ongeza moto!"

"Nikiongeza inapasuka."

"Ni kaka yako huyo, Rhobi!"

Utadhani Rhobi alikuwa amesahau. Chrispin ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka mito walipokuwa wanaenda shule, na ndiye aliyegombana na wajomba waliosema msichana hasomei vyuma. Rhobi alimwangalia Gody, akatamani kumzaba kibao, lakini mikono alikuwa ameikalia.

Simu ya Gody iliita: bado wanagonga. Ikaita tena: wanagonga, ila kwa mbali. Ilipoita mara nyingine Gody alisikiliza, akachuchumaa ukutani. Kugonga kulikuwa kumekoma.

Mkono wa Rhobi ulitoka wenyewe. Kidole kilifika kwenye swichi, akausikia ubaridi wake. Macho yakaenda kwenye kile kipande ukutani. Akaurudisha mkono chini ya paja, machozi yakimtiririka, akiichukia mashine, akimchukia Stanislausi, akijichukia mwenyewe kupita wote.

Mchana biti na bolti vikaisha, vimekuwa tope jeusi chini ya beseni. Shafti ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo. Gody aliinyakua akaondoka bila asante.

Pampu iliyavuta maji, na kabla jua halijazama watatu walitoka wakiwa hai. Chrispin alitolewa mwisho. Bomba lilikuwa chini ya kibaraza. Wa kugonga ilimbidi asimame majini, na yeye, kwa kuwa ndiye mrefu, hakukubali kupokewa zamu.

Msibani, wale watatu walikaa nje na mablanketi mabegani. Mama yao Rhobi na Chrispin, Bhoke, alikuwa ndani kwenye mkeka, amezungukwa na wanawake. Alimwita binti yake, akamkalisha mbele yake.

"Gody anasema kulikuwa na swichi ya kuharakisha."

"Ilikuwepo, mama."

"Anasema ulikaa."

"Nilikaa, mama. Ningeizungusha, shafti ingepasuka. Hata hao watatu wasingetoka."

Bhoke alitazama mlangoni, walikokuwa wale vijana. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Rhobi.

"Hao wana mama zao," alisema. "Mimi nakuuliza wa kwangu."

Wanawake wote walikuwa wakimwangalia Rhobi. Alijikuta amekaa vile vile alivyofundishwa, viganja chini ya mapaja, na alipojaribu kuinyoosha mikono amshike mama yake, mama aliivuta kanga akajifunika uso.