Mpira Ulikuwa wa Remedios

Ngumi zilikuwa mbili hewani, yangu na ya Remedios, na uwanja mzima wa Malangsi ulikuwa ukitungoja. Nyuma ya goli, Tibursyo mchomeleaji alikuwa amekwisha kuwasha moto wake, ulimi wa buluu mwembamba kama sindano ya magunia, ukinguruma taratibu kando ya nguzo. Watu wa Malangsi walikuwa wameshika chupa upande huu, watu wa Santa Rosalia wameshika zao upande ule, na katikati kijana Rodel amelala chali, akilitazama jua kama mtu aliyelikodi.

Sote wawili, marefa, tulikuwa tumepuliza filimbi. Hakuna aliyekuwa ameonesha kitu. Na yule mwanamke, ambaye hadi siku ile nilikuwa simjui hata kwa jina, alikuwa ananikazia macho kama fundi anayengoja arudishiwe mkasi wake.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo. Ngumi haziendi popote.

Kwetu kisiwani Negros, miwa ikiisha kukatwa na kinu cha sukari kikazimwa, unaingia msimu tunaouita mfu. Wakati ule mimi nilikuwa mtu wa tanuri kiwandani. Kinu kikilala, nami nalala. Ila mtu hawezi kulala miezi yote hiyo bila mkewe kuuliza maswali, kwa hiyo nikawa refa wa mpira wa kikapu. Sheria nilijifundisha mwenyewe, kutoka kwenye kijitabu nilichofungiwa samaki wakavu sokoni. Kurasa za faulo zilikuwa zimelowa mafuta, hazisomeki, ndiyo maana miaka yangu ya mwanzo nilikuwa mkali wa mistari na mpole sana wa viwiko. Filimbi niliichonga kwenye kipande cha bomba la mvuke. Nikiipuliza Malangsi, nyati wa kulimia walioko ng'ambo ya mto walisimama wakageuza vichwa. Anayebisha hakuwepo, na nyati waliokuwepo wamekwisha kufa.

Ligi ya msimu mfu haikuwa mchezo, ingawa ilichezwa. Vijana wale walikuwa wamekaa bila kazi, wakila uji wa mahindi asubuhi na uji wa mahindi jioni, na panga za kukatia miwa zikining'inia ukutani bila miwa. Jua likiteremka, goli ndilo lililowaita. Wengine pekupeku, wengine kandambili, na ndugu wawili niliowajua walikuwa na jozi moja ya viatu, kila mmoja akivaa kimoja.

Lakini nguzo za magoli zilikuwa mabomba ya kiwanda, ya kuazima. Mwaka uliotangulia, kwenye fainali, marefa wawili wasiojuana walipuliza pamoja; mmoja akaonesha faulo ya huku, mwingine akaonesha ya kule. Kila upande ukaichukua ishara iliyoupendeza. Zikaruka chupa, yakafuata mawe, yakafuata mabenchi, na mtu mmoja alipoteza meno ambayo, nasikia, mbwa wa Kapiteni wa kijiji aliyameza. Basi safari hii meneja wa kinu, Don Villaruz, alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti chake cha kukunja, akamweka Tibursyo na mitungi yake ya gesi nyuma ya goli, tayari kuzikata nguzo.

"Chupa moja," aliwaambia watu. "Moja tu ikiruka, nguzo zinarudi ghalani. Na ligi ndiyo kwaheri."

Nanyi mtauliza, kwa nini wasitafute marefa wanaojuana? Kwa sababu wanaojuana hula njama. Desturi ya fainali ilikuwa kila shamba la miwa kujiletea refa wake kutoka mbali, asiyemjua mwenziwe, na wawili hao wakutane siku hiyohiyo. Refa wako alikuwa kama wakili wako. Malangsi walinileta mimi, wakanilisha kuku wa mchuzi wa mchaichai, mnofu mtupu, katika msimu ambao kuku alionekana kwa nadra kuliko askofu. Nilimla huku nikijua wazi kuku yule ana maana gani.

Santa Rosalia walimleta Remedios.

Alishuka kwenye lori, mwanamke mfupi, fundi cherehani kutoka upande wa pili wa milima, amevaa shati la mistari alilojishonea kwa kitambaa cha godoro. Nilimkuta anasaidia akina mama kuzoa mahindi yaliyoanikwa uwanjani tangu alfajiri, maana kwetu uwanja wa kikapu kabla ya jioni ni mkeka wa kijiji.

"Wewe ndiye wao?" akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Mimi ni wa sheria."

"Haya, bwana sheria. Tukipuliza pamoja, inua ngumi, funga mdomo, nitazame. Usioneshe kitu mpaka tutazamane. Na mpira ukiwa upande wangu, huo ni wangu. Wewe waangalie wengine."

"Dada, mimi nimeanza kazi hii kabla hujaota meno."

"Basi macho yako yamechoka, kaka. Yapumzishe. Usiyalundike yote kwenye mpira."

Nilicheka. Nikajisemea, anataka nigeuke ili aibe.

Kipindi cha kwanza tuliuchunga mpira ule kama wachungaji wawili wenye mbuzi mmoja. Ukienda kushoto, mimi huyo; ukirudi kulia, yeye huyo, nami nyuma yake nikichungulia juu ya bega. Tulipuliza pamoja, tukagongana, mara moja nusura nimkanyage. Watu walifurahi sana.

"Refa! Miwani umeiacha kwa mke mdogo?"

"Dada, rudi nyumbani, wali unaungua!"

Remedios akasimama, akamtazama aliyesema. "Wali? Msimu huu? Nani kati yenu ana mchele, nije kupika."

Uwanja ulicheka pande zote mbili, hata Don Villaruz alitikisika kwenye kiti chake. Lakini kicheko kilipoisha, yale mambo ya nyuma ya migongo yetu hayakuisha. Kufikia mapumziko, Amado, jitu la ulinzi la Santa Rosalia, alikuwa anatema damu. Kiwiko cha nani? Mimi sijui. Yeye Remedios hajui. Mkononi mwa kaka yake Amado chupa ilikuwa imebadilika namna ilivyoshikwa. Mwanzoni alikuwa ameikumbatia kama mtu wa kunywa, sasa alikuwa ameikaba shingo.

Tulikaa juu ya kinu kibovu cha mkono, tukipokezana kibuyu cha maji.

"Kaka Sebyo," akasema. "Mpira wangu unautazamia nini?"

"Usije ukaniibia."

"Na mimi wako nautazama usije ukaniibia." Akanywa. "Macho manne, mpira mmoja. Vijana tisa waliobaki wanatazamwa na nani?"

"Mungu," nikasema.

"Mungu hana filimbi."

Nilimtazama yule kaka wa Amado na chupa yake, nikatazama ulimi wa buluu ambao Tibursyo alikuwa anaujaribu, unawaka unazimika, nikaona kwamba mwanamke huyu anaweza kuwa mwizi, na bado anayosema ni kweli.

Basi kipindi cha pili niliuacha mpira uende kwake.

Ninyi mnaona ni rahisi. Jaribuni. Ni kama kuondoka jikoni ukimwachia chungu jirani unayemshuku ana njaa. Shingo yangu iligeuka yenyewe. Niliirudisha kwa nguvu, tena na tena, mpaka misuli ikauma. Kisha polepole nikaanza kuona mambo ambayo miaka yote yalikuwa yakitendeka pembeni ya kazi yangu. Niliona kiwiko kikikusanyika kabla hakijapiga, nikakohoa tu, kikalala. Niliona kijana anakanyaga kandambili ya mwenziwe kusudi, naye akaona nimeona, akaondoa mguu kwa adabu kama anayepisha kanisani. Niliona nyayo. Sikuwahi kujua kuwa mchezo huu unachezwa chini. Mikono hudanganya, nyayo hazijajifunza.

Hata midomo ya watazamaji ilipoa. Hawakuelewa nini kimebadilika, ila walihisi, kama unavyohisi mtu amefunga mlango uliokuwa ukipitisha upepo.

Dakika za mwisho Malangsi walikuwa nyuma kwa pointi moja. Mpira kwa Rodel, upande wa Remedios. Mimi nilikuwa chini ya goli, nikitazama nyayo. Rodel alikuja kwa kasi, Amado akatanua kifua kumzuia, na hapo niliona kitu kidogo cha njano kwenye saruji. Punje za mahindi, kiganja kimoja, zilizosahauliwa na ufagio. Kisigino cha Rodel kilizikuta. Kati ya kifua cha Amado na bega la kijana palipita mwanga, mwanga wa jua kabisa, ungeweza kupitisha ufunguo. Rodel akaenda chini, mpira ukamtoka, vijana wakauvamia juu yake, nikapuliza wasije wakamvunja.

Remedios alipuliza wakati uleule.

Hapo ndipo tulipoziacha ngumi zetu.

Mkono wangu ulitaka kusema. Nyinyi hamjui jinsi mkono wa refa unavyowashwa. Tena ulikuwa unajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba hapakuwa na faulo, na kwamba faulo ingewapa Malangsi mitupo miwili huru, na kombe, na mimi labda kuku mwingine. Upande wa Malangsi walikuwa wanapiga kelele, "Faulo! Sebyo, faulo!" Nikaufunga mkono vidole vikawa vyeupe. Nikamtazama.

Naye alikuwa ananitazama tangu zamani.

Tulitembea tukakutana katikati, ngumi zetu bado juu, kama wapiga debe wawili wanaogombea abiria mmoja.

"Mimi nina faulo ya Amado," akasema kwa sauti ya chini. Amado, mchezaji wa upande uliomleta yeye mwenyewe. "Ila mgongo wa Rodel ulinikinga. Nimeona kuanguka, sikuona kugusana. Wewe?"

"Kati yao palipita mwanga. Amekanyaga mahindi."

Akanitazama usoni. "Unakumbuka ni nani waliokuleta?"

"Kuku wao bado yumo tumboni."

"Haya," akasema, akashusha ngumi.

Kisha fundi huyu, ambaye mchana kutwa alisema kwa sauti ya chumba cha kushonea, aligeuka akawaambia watu wote: "Mimi wa Santa Rosalia nilitaka kuwapa Malangsi faulo. Mwenzangu wa Malangsi amekataa, kijana ameteleza. Hakuna faulo. Mpira ni wa Malangsi, kutoka pembeni. Mwenye chupa achague wa kumrushia."

Mtu wa Malangsi akafoka, "Sebyo, tapika kuku wetu!"

Hakuna aliyecheka. Kaka wa Amado alinitazama mimi, akamtazama Remedios, akarudi kwangu. Chupa ilipanda kidogo, ikakosa pa kwenda.

Bibi Sidra ndiye aliyetuokoa, ajuza wa Malangsi aliyekuwa na chupa kubwa kuliko zote. Alisogea mpaka kwenye mstari. "Wakili wetu amemwonea huruma mtu wao," akasema, "na wakili wao amemwonea huruma mtu wetu. Sasa hapa mimi nampiga nani? Nimpige Rodel kwa kutembea vibaya?" Akazitazama zile punje. "Na nani kaacha mahindi yangu uwanjani?"

Akaweka chupa chini, maana ufagio hushikwa kwa mikono miwili. Akafagia, akainama, akazikusanya punje zote kwenye upindo wa sketi yake, moja moja, watu wote tukimngoja. Na kufikia punje ya mwisho wengi walikuwa wamekaa.

Don Villaruz alimwinulia Tibursyo kidevu. Ulimi wa buluu ukajivuta ndani.

Mpira ukatupwa kutoka pembeni. Rodel akaupokea upande wa Remedios, akaruka.

Mpira ule nimeusimulia kila mahali. Nimesimulia ulivyozunguka pete mpaka kuku wakaenda kulala. Nimesimulia mjusi aliyetoka kwenye ubao akaupisha. Kwenye msiba mmoja nilisimulia ulivyogota juu ya chuma, ukafikiri, ndipo ukaamua, na waliofiwa walinishukuru. Siku hizi kinu kimenistaafisha, nina nafasi ya kuusimulia vizuri zaidi. Nguzo zilezile bado ziko Malangsi, zimeinama kidogo, na bado wanaanika mahindi chini yake. Mwaka uliofuata mashamba yote mawili yaliagiza marefa walewale, na Remedios akaja na mashati mawili ya godoro, la pili likinitosha barabara ingawa hakuwahi kunipima.

Najua Malangsi walishindwa. Nilisikia chuma kikilia, nikasikia Santa Rosalia wakishangilia. Ila mpira wenyewe sikuuona. Ulikuwa wa Remedios.

Mimi nilikuwa nikitazama chini. Rodel aliporuka, Amado aliruka naye, na wengine wote wakaruka kuungoja utakapodondokea, na kwa kitambo, pale kwenye saruji iliyofagiwa, hapakuwa na unyayo hata mmoja. Kisha zikarudi chini, pekupeku na kandambili, kila mguu mahali pake, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake.