Saumu Sita za Mwanarusi

Bushra alikuwa amefundisha biolojia miaka ishirini na sita katika shule ya sekondari huko Kwale, na hesabu ya mambo haikumpotea. Zilikuwa zimepita wiki tatu tangu daktari amwambie kuwa ana saratani ya pafu. Katika wiki hizo wifi yake, Mwanarusi, alikuwa amefunga mara sita, Jumatatu na Alhamisi, akimshukuru Mungu kwa kumponya Bushra.

Ilikuwa nadhiri. Saratani ya kwanza ilikuwa ya titi; ya pili, miaka minne baadaye, ya kizazi. Bushra alipolazwa mara hiyo ya pili, Mwanarusi aliapa: wifi akitoka salama, atafunga siku hizo mbili mwaka mzima. Alitoka salama. Mwanarusi akafunga, hata jua la Februari lilipomkausha midomo.

Bushra aliamini kisu na dawa. Hata hivyo hakumkataza, na jioni alikuwa akimpelekea futari ya mihogo ya nazi. Hata siku za zile saumu sita za mwisho alimpelekea. Hilo ndilo lililomchoma. Kumkataza kungemlazimu kusema, na ulimi ulikuwa mzito.

Ijumaa asubuhi Mwanarusi aliingia nyumbani kwa Bushra, Msambweni, na sinia la kaimati.

"Hodi, wifi! Jana nimemaliza. Leo nala mpaka leso ikatae kufungika!"

"Karibu."

"Mbona wanikaribisha kama mdai? Ama wachelea nitakumalizia chai?"

Upasuaji ulikuwa Jumanne, Mombasa. Karatasi ya hospitali ilitaka jina la mtu wa kumuuguza wiki mbili za mwanzo. Tangu afariki Salimu, mumewe Bushra na kakake Mwanarusi, jina lilikuwa moja tu.

"Nina saratani ya pafu," Bushra alisema, kama anayesoma swali la mtihani. "Jumanne wataondoa sehemu ya juu ya pafu la kulia."

Mwanarusi alitua sinia. "Imerudi?"

"Haikurudi. Wamepima kipande cha nyama yake, wakaona ni mpya, imeanzia papo hapo pafuni. Zile za zamani hazionekani."

"Alhamdulillahi. Basi nadhiri yangu haikwenda bure. Nilimwomba kwa ile, akaitika. Hii tutamwomba upya." Alimshika mkono. "Maskini wifi yangu. Wamekwambia jana?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Mkono ule ungebaki pale pale.

"Wiki tatu," alisema Bushra.

Mkono ukaondoka.

"Na mihogo ukaniletea."

"Nilikuletea."

"Ukakaa mbele yangu nafuturu, naiombea afya yako, nawe wanitazama tu. Ulikuwa wanicheka?"

"La, wallahi. Niliona haya. Umejinyima mwaka mzima kwa ajili ya mwili huu, nao waniletea ugonjwa wa tatu. Nikaona heri umalize kwanza."

"Hukuona heri nimalize. Uliona heri usiseme."

Lilikuwa jibu sahihi.

Mwanarusi aliitazama ile karatasi mezani, akaelewa. Akajitanda leso yake upya.

"Niandike. Jina langu, na la babangu. Jumatatu nitakuja kulala hapa, tuondoke pamoja alfajiri. Lakini usinishukuru, wifi. Leo sitaki kusikia."

Bushra aliandika herufi moja moja, na hakuthubutu kuinua macho mpaka aliposikia mlango umefungwa.