Boila Iliyohesabiwa Watu Siku ya Ijumaa
Mwaka wa tisini na tisa, Mwanatatu, mpika chai wa kiwanda kimoja cha sabuni huko Changamwe, aliingia ofisini na birika akawakuta wakubwa wameinamia karatasi. Boila ilikuwa ifungwe mtambo wa kuizima wenyewe mvuke ukizidi, na siku hiyo ndiyo waliyokuwa wakiamua mtambo uwe madhubuti kiasi gani: daraja la kwanza lililo hafifu, la pili, au la tatu lililo madhubuti kuliko yote.

"Daraja hufuata wingi wa watu watakaoumia boila ikipasuka," alisema injinia Phineas. "Nimehesabu mwenyewe, pale kando ya boila hakai mtu. La kwanza latosha."

Mwanatatu alijua sivyo. Bintiye Barke, mfunga sabuni, karibu kila mchana hula ameegemea ukuta wa boila ile, yeye na wenzake, maana wali ukiwekwa juu ya bomba hupata moto. Nani atamsikiliza mpika chai aliyeishia darasa la saba? Lakini akinyamaza, mtoto ndiye atakayebaki pale.

"Samahani, mwanangu, ulihesabu siku gani?"

"Ijumaa, mama. Saa saba, saa ya chakula."

Meneja Badi akacheka hadi akaweka kikombe chini. "Ijumaa saa saba sisi tuko msikitini, bwana. Wasioswali wako nje kwa mama ntilie Nyamvula, wanakula maharagwe yake ya Ijumaa. Wewe umehesabu ukuta."

"Leo Jumanne," Mwanatatu akasema. "King'ora cha chakula kishalia. Tufuatane."

Wakafuatana. Nyuma ya boila walikuwa wamejipanga watu ishirini na watatu, vibakuli juu ya bomba, Barke kavua viatu.

"Mama, watuletea wageni na chai huna?" Barke akauliza.

Phineas alihesabu mara mbili, akafuta alichoandika. "Daraja la pili," akasema. "Vipimo viwili vya mvuke, kimoja kikifa cha pili kiizime boila. Ahsante, mama. Bila wewe ningetia sahihi lile la kwanza."

Badi naye hakungoja mtambo. Aliwahamisha wote saa ile ile, na wiki haikwisha banda la kulia likasimama upande wa pili wa uwanja. Wafunga sabuni walimpigia Mwanatatu vigelegele hadi getini, naye akatembea kama bibi harusi, birika mkononi.

Wewe mwenye mtoto kiwandani, muulize anakula wapi. Muulize leo.