Kidole Kilipotua kwenye Ikabodi

Mtaa mzima hakuna anayeyajua majina ya Biblia kunizidi. Wanaosoma mtaani kwetu ni wachache, hilo nalo niliseme, na shule yenyewe niliiacha mapema. Halafu mimi huanza na kurasa zenye vifo na ugomvi. Zile za vipimo vya hekalu nawaachia wachungaji.

Ndiyo maana kidole cha mkwe wangu kilipotua, niliyeingiwa na ubaridi ni mimi peke yangu.

Mkwe huyu ni fundi seremala, baba wa mume wa binti yangu. Kwao mjukuu wa kwanza wa kiume hachaguliwi jina. Biblia hufunguliwa popote, babu hufumba macho, kidole kinashuka, na jina lililo karibu ndilo hilo. Kisha babu husimama mlangoni kwa mzazi, hulitamka kwa sauti, na mama wa mtoto hulirudia. Akishalirudia, basi, limeganda.

Na binti yangu alikuwa nyuma ya pazia, anaungua kwa homa tangu ajifungue. Mkunga alikuwa anamkanda kwa kitambaa cha maji. Mumewe alikuwa amekimbilia dawa. Asubuhi hiyo binti yangu alinishika mkono akaniambia, "Mama, nikiondoka, mtoto umlee wewe."

"Uondoke uende wapi, na nguo zako hujazifua?" nikamkaripia. Akatabasamu, lakini mkono hakuuachia.

Fundi akafumbua macho, akakisogeza kitabu mbali na pua. "I-ka-bo-di. Jina zito hilo! Hata mtaa wa pili hawana."

"Hawana kwa sababu wana akili," nikasema. Nikamvuta shati hadi pembeni, karibu na dada yake mkubwa aliyekuwa anashona vinguo vya mtoto. "Mkwe, unajua nani alipewa jina hilo?"

"Mtu wa Mungu, bila shaka."

"Mtoto mchanga. Mama yake alikuwa anakaribia kujifungua, akaletewa habari kwamba sanduku la agano limetekwa, mkwewe amekufa, na mumewe amekufa. Uchungu ukamshika hapohapo. Wanawake wakamwambia, usiogope, umezaa mtoto wa kiume. Hakuwajibu. Akamwita mtoto Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Akakata roho."

Fundi akatupia jicho pazia. "Kwani binti yako anaijua hadithi hiyo?"

"Amefundisha watoto kanisani miaka yote hiyo! Ukilitamka hapo mlangoni, atajua umemsomea hukumu yake."

"Mama," sauti ikatoka nyuma ya pazia, nyembamba kama uzi. "Jina limepatikana?"

"Bado, mwanangu! Baba mkwe wako hajamaliza kukohoa!"

Fundi akanikazia macho. "Mbona hata sijakohoa?"

"Basi kohoa."

Akakohoa. Lakini kisha akajinyoosha, akaelekea mlangoni. Nikamtangulia, nikajibana mbele ya pazia. Mimi si mnene, ila nikikusudia naujaza mlango.

"Nipishe, mkwe."

"Rudia kidole."

"Hakirudiwi."

"Mara moja tu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi!" Akakikumbatia kitabu kifuani, nikaona kumbe naye anaogopa, tena sana. "Tukianza kurudia, si tutakuwa tunachagua kama tunanunua viatu? Marehemu babu alifumba macho mara moja tu, kidole kikashuka mara moja, nikapata jina langu hili." Akainua mkono juu. "Naapa mbele ya kitabu hiki, katika ukoo wetu kidole hakijawahi kurudiwa!"

Nyuma yangu nikamsikia mkunga akimwambia binti yangu, "Usiinuke, mama, lala."

Dada mtu akakata uzi kwa meno.

"We mdogo wangu," akasema bila kuinua kichwa, "kwako kidole kilitua kwenye Nabali."

Fundi akanigeukia.

"Nabali maana yake mpumbavu," nikasaidia.

"Mama akakiona," dada mtu akaendelea, "akampokonya babu kitabu, akakifunga pwaa! Akamwambia, fumba macho upya, la sivyo mtoto utamnyonyesha mwenyewe."

"Dada, wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka."

"Mdogo? Nilikuwa nimekubeba mgongoni, na ulikuwa umenikojolea. Tena hadithi hii hunihadithia wewe mwenyewe kila Krismasi, unacheka mpaka unalia."

Fundi akabaki pale katikati ya chumba, mkono wa kiapo bado uko juu.