Tafuta Kwamkunde, Weka Amkeni

Kijiji chetu kiliitwa Kwamkunde mpaka watu wa kambi za mkonge walipohamia kwetu, kikawa kijiji cha ujamaa, na mkutano ukaona si vizuri wageni waishi ndani ya jina la wenyeji. Tukachagua jina jipya, Amkeni. Tukapiga makofi, tukachinja mbuzi, tukala, tukasahau kwamba jina la zamani lilikuwa bado limelala kabatini, ndani ya faili la kila kaya.

Wilayani hawakusahau. Barua ikaja kutoka Handeni: “Tafuteni jina Kwamkunde kila linapoonekana, wekeni Amkeni.” Afisa angekuja Alhamisi kukagua.

Karani wetu Simeo alikuwa keshaondoka, amepata kazi dukani Manundu. Basi nikamfunga mwanangu mgongoni, nikaenda kwa mwenyekiti.

“Shikamoo, Mzee Mhina.”

“Marahaba, Mama Sadala. Mtoto anaumwa?”

“Mtoto mzima, mzee. Nimekuja kuomba kazi ya karani.”

Akachungulia nyuma yangu, akamwona Sadala ananyonya kidole.

“Anayeomba ni yupi kati yenu?”

“Ni mimi. Huyu hata darasa la jioni hajaanza.”

Mzee akacheka mpaka kofia ikamteleza. Kisha akawa mwenyekiti tena. “Sikiliza, mwanangu. Kuna kijana Chanika, kasoma, ana baiskeli, hana mtoto. Nataka kumwita yeye. Lakini usije ukasema sikukupa nafasi. Ukimaliza faili zote kabla ya Afisa kuja, na Afisa akiridhika, kazi ni yako. Ikishindikana, usininunie.”

Niliitaka kazi ile, jamani. Kusoma nilianza katika darasa la jioni la watu wazima, nikiwa na mimba ya Sadala, tumbo linagusa meza, wenzangu wananiambia nitazaa herufi. Sikutaka maandishi yangu yaishie kwenye ubao unaofutwa kila jioni.

Nikafungua faili la kwanza, nikalisoma kama Mwalimu Dominiko alivyotufundisha: kuanzia juu, kidole chini ya mstari, bila kuruka. Kumbe mafaili yana utamu wake! Nikakuta kesi ya Mzee Abdi, ambaye mbuzi wake alitafuna kanga mpya ya jirani. Nikataka kujua mbuzi alihukumiwaje. Nikageuza karatasi, nikageuza nyingine. Nilipoinua kichwa jua lilikuwa limekwenda, kabati bado limejaa, na Kwamkunde nililokuwa nalitafuta nilikuwa nimelipita bila kuliona.

Nilirudi nyumbani roho imenywea. Nikatandika mkeka, nikamweka Sadala, nikaanza kuchambua maharage ya jioni. Mkono unasambaza maharage ungoni, jicho linateleza, jiwe hili, tupa. Jiwe lile, tupa. Hapo nikajisimamisha. Mbona hapa sisomi kila punje? Anayechambua maharage hayaangalii maharage. Anaangalia jiwe tu.

Kesho yake niliwaita wenzangu wa darasa la jioni pale ofisini: Bernadina, binti wa mkata mkonge, mwenye mwandiko kama wa mashine, Mashavu, jirani yangu, na Bibi Chausiku, mkubwa wetu sote. Nikaandika ubaoni kwa chaki, kubwa: KWAMKUNDE.

“Mwanangu,” akasema Bibi Chausiku, “mimi bado niko kwenye a, e, i, o, u. Hayo mafaili nitayasomaje?”

“Huyasomi, bibi. Unachambua. Hilo ndilo jiwe lako. Ukiliona, weka punje ya hindi juu yake, umpe Bernadina. Yeye atapiga mstari, aandike Amkeni juu.”

“Na yale maneno mengine?”

“Yaache yapite, hayakuhusu.”

“Basi hiyo naiweza. Nimeishi na wake wenza watatu, maneno yasiyonihusu najua kuyaacha yapite.”

Mashavu akacheka mpaka akaketi chini.

Kazi ikaenda! Bibi na Mashavu wanatafuta, mimi na Bernadina tunabadilisha, Sadala anatambaa kuzifuata punje, na kila akikaribia mtu anapiga kelele, “Karatasi inaliwa!” Mara Bibi akaniita.

“Hili nalo? Limeng’oka jino katikati.”

Nikatazama. Simeo alikuwa ameandika Kwa Mkunde, maneno mawili.

“Ndilo hilo hilo, bibi. Weka punje.”

“Na hili limekatika kiuno, nusu huku, nusu mstari wa chini.”

“Na hilo.”

Kufikia Jumatano adhuhuri kabati lilikuwa limebaki rafu moja. Tulikuwa tunaimba. Bibi Chausiku akaona faili lake, akalitambua kwa alama ya kidole gumba.

“Nisomee langu, nisikie nilivyo.”

Nikasoma kwa madaha. “Chausiku binti Mhando. Anaishi Amkeni. Amezaliwa Amkeni, mwaka wa nzige…”

“Amezaliwa wapi?”

“Amkeni.”

“Mimi?” Akajishika kifua. “Amkeni yenyewe imezaliwa juzi, mbuzi wake nimemla kwa meno yangu haya machache! Imenizaaje mimi?”

Tulicheka, tukashikana mabega. Lakini Bibi alipomaliza kucheka, uso ukatulia, akaniita kwa jina langu.

“Zamda, kitovu changu kimezikwa Kwamkunde. Mama yangu alikichimbia mwenyewe. Nimekubali kuishi Amkeni, na jina nalipenda. Pale nilipozaliwa paacheni.”

Nikalifungua faili la Mashavu. Amezaliwa Amkeni. La Mzee Abdi, Amkeni. Tulikuwa tumekizalisha kijiji kichanga wazee wote wa tarafa.

“Barua inasema kila linapoonekana,” Bernadina akanikumbusha polepole. “Tukiacha, Afisa atakataa. Ukikosa kazi je?”

Nilimwangalia Sadala, kalala juu ya mkeka, punje moja imemgandia shavuni. Yeye kazaliwa Amkeni kweli, wiki mbili baada ya yule mbuzi. Siku moja atataka kujua mimi mama yake nilizaliwa wapi, na faili ndilo litakalomjibu.

Nikaenda ubaoni. Nikaandika neno la pili: AMEZALIWA.

“Kabla ya kuweka punje, tazameni neno linalolitangulia jina. Likiwa hili, liacheni jina la zamani, na tulipokwisha kulibadilisha lirudisheni. Isipokuwa watoto waliozaliwa baada ya mkutano. Hao niachieni mimi.”

“Sasa nina mawe mawili,” akasema Bibi. “Darasa linakwenda mbio.”

Tukarudia kabati zima. Mashavu aliagiza uji nyumbani kwake, tukanywa tumesimama. Faili la mwisho tulilifunga jua likiwa bado juu ya mapaa.

Alhamisi Afisa akaja, Ndugu Hilaria, mwanamke mrefu mwenye miwani. Akachomoa faili katikati. Akalisoma, akachomoa jingine, na jingine.

“Ndugu mwenyekiti, hapa Kwamkunde bado lipo. Na hapa lipo. Agizo lilisema kila linapoonekana.”

Mzee Mhina akanigeukia. Nilimwona kabisa yule kijana wa Chanika akipanda baiskeli yake.

“Ndugu Afisa,” nikasema, “tafadhali soma neno lililotangulia.”

“Amezaliwa.”

“Na hilo jingine?”

“Amezaliwa.” Akageuza. “Amezaliwa.”

“Wanakoishi tumebadilisha kote. Watu wenyewe wamekubali kuhama. Kuzaliwa kwao hakuhamishiki.”

Bibi Chausiku akasema kutoka mkekani, “Mimi ndiye niliyekataa. Kama kuna kosa andika kwangu. Ila ukiandika, andika Kwamkunde.”

Ndugu Hilaria akavua miwani. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani ana hasira, kumbe kicheko. “Barua ile niliiandika mimi,” akasema akijifuta macho. “Nilikuwa naitazama ramani, watu sikuwakumbuka.” Akaichukua barua mezani, akaongeza kwa peni yake chini ya agizo: isipokuwa mahali pa kuzaliwa. Akatia saini. “Vijiji vingine nitaviandikia hivi hivi. Hapa nimeridhika. Nani karani wenu?”

Mzee Mhina akakohoa. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kabati uliofungwa kwa uzi wa mkonge, akaniwekea kiganjani mbele ya watu wote.

“Huyu hapa. Zamda, Mama Sadala. Na yule wa Chanika baiskeli yake ipumzike tu.”

Mashavu akapiga kigelegele, Bernadina akakipokea. Nikamfunga mwanangu mgongoni vizuri, nikaanza kuyarudisha mafaili kabatini, na lile la Mzee Abdi nikaliacha mezani. Sasa nilikuwa na haki ya kujua yule mbuzi alihukumiwaje.