Doa la Kamba Nyekundu

Doa lile halikutoka. Kleno, shemeji yangu, aliifua nguo mara tatu kwa majivu na maji moto, akaianika juani, akaitazama, akacheka.

"Shemeji, na wewe wamekuswaga kama mbuzi?"

Nikamwambia ndiyo. Hilo nilimwambia.

Asubuhi ya siku ile mdogo wangu Tellis, mumewe, alipita kwangu akielekea bandarini, mdomo umejaa mkate wa shayiri. Kazi yake ilikuwa kuziba nyufa za merikebu kwa lami, na zikisafiri alipiga makasia.

"Kaka, leo baraza linaamua ile safari ya visiwani. Msimamizi hanipi ruhusa. Nenda wewe ukaikatae. Mbao zimeoza, nimezishika kwa mikono yangu."

"Nitakwenda."

"Usije ukakaa na viatu vyako mpaka watu watawanyike."

"Nimesema nitakwenda, bwana!"

Mimi ni fundi viatu, kibanda changu kiko sokoni. Kulikuwa na jozi moja imebaki ukanda, nikaona niimalize kwanza. Nilipoinua kichwa, kamba ilikuwa imeshafika.

Kwetu Athens, wananchi wakizubaa sokoni siku ya baraza, askari wanaikokota kamba iliyochovywa rangi nyekundu, mmoja huku, mwingine kule, wanatusukuma nayo mpaka kilimani, baraza linakokaa. Ikikugusa unabaki na doa, na doa ni aibu. Askari wenyewe ni watumwa walionunuliwa ng'ambo. Watumwa wanawaswaga watu huru wakaamue mambo yao ya uhuru. Siku ile sikuliona hilo. Niliona nguo yangu tu.

Timandros, kiongozi aliyeitaka safari ile, alikuwa ameshaanza kuhutubia. Sijapata kumsikia mtu mwingine anayesema vizuri kama yule, na kwa hilo sitamsamehe. Alisema kiongozi si mchungaji. Kazi ya kiongozi ni kusema anachokiona, kisha angoje mikono yetu.

"Mkikataa, nitashuka hapa nikanywe divai yangu kwa amani. Mabwana wa mji huu ni ninyi." Halafu macho yake yakatuangukia sisi wa nyuma, wenye madoa. "Ila wapo mabwana wanaoletwa kwa kamba."

Kilima kizima kikacheka. Muuza samaki mmoja aliyekaa mbele yangu akageuka.

"Meee!" akanifanyia.

Masikio yaliniwaka moto. Mpiga mbiu alipouliza akina nani wanataka merikebu ziende, nilinyoosha mkono. Niliunyoosha wa kwanza upande wetu, juu kabisa, Timandros aone kwamba hata huku nyuma wamo watu huru. Ndipo nikamkumbuka Tellis. Ningeweza kuushusha. Lakini yule muuza samaki alikuwa bado ananitazama.

Jioni Tellis alikuja kuuliza.

"Tumeshindwa," nikamwambia. "Wengi waliitaka."

Akanishika bega. "Basi, kaka. Wewe umefanya lako."

Merikebu yake ilipasuka kabla hata ya kumwona adui.

Baridi ilipoingia, mji ulizika wafu wake. Jeneza moja lilibebwa tupu, limetandikwa shuka safi, la wale ambao bahari haikuwarudisha. Timandros ndiye aliyechaguliwa kusema. Akasema hawa hawakutumwa na mfalme yeyote. Walikwenda kwa uamuzi wao wenyewe, na kifo chao ni kifo cha watu huru. Watu walilia. Hata mimi nililia, maneno yalikuwa mazuri mno.

Kleno akanivuta nguo, ile ile yenye doa.

"Uamuzi wao vipi, shemeji? Tellis alikuwa bandarini."

"Waliamua watu."

"Watu gani?"

"Wengi. Nilikaa nyuma, sikuwaona vizuri."

Ni miaka kumi na tisa sasa. Kleno anaishi kwangu, hakuolewa tena. Kila jioni, kabla hatujala, anamwaga divai kidogo chini kwa ajili ya mumewe, kisha anawaapiza wote walionyoosha mikono siku ile: mikono yao ikauke, ioze, isishike mtoto. Mimi huitikia. Akimaliza, ananijazia bakuli la dengu, mimi kwanza, nami nanyoosha mkono kulipokea.